Jembe tumewanyang'anya sisi wenyewe

Msimu wa siasa ukipamba moto, neno "mzigo" hurudi jukwaani. Wakimbizi wanakula bure, wanamaliza kuni, wanaleta silaha, kwao kumetulia lakini hawataki kuondoka. Nimeyasikia hayo Mbagala kwenye mkutano wa hadhara na kwenye redio ndani ya daladala. Kinachoniumiza zaidi ni kuyasikia yakirudiwa kijiweni na vijana ambao hawajawahi kukaa na mkimbizi hata siku moja, kwa kuwa kambi ziko Kigoma, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka hapa Dar es Salaam kwa reli. Na mzungumzaji akitaka kupigiwa makofi humalizia kwa methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Naikubali methali hiyo kwa moyo wote. Tatizo ni kwamba nchi yetu iliwahi kuifuata, ikafanikiwa, kisha ikaiacha.

Mwaka 1972 Warundi walikimbia mauaji wakaingia kwetu kwa makumi elfu. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapeleka kwenye mapori ya Ulyankulu mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo ambako leo ni mkoa wa Katavi. Kila familia ikapewa shamba. Walifyeka, wakalima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wanajilisha, kiasi kwamba shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilikabidhi makazi hayo kwa serikali yetu. Walilipa kodi na watoto wao wakasoma kwa Kiswahili. Mwaka 1983 Nyerere akatunukiwa Tuzo ya Nansen, inayotolewa na shirika hilo hilo la wakimbizi, kwa namna Tanzania ilivyowapokea wakimbizi. Na mwaka 2014, chini ya Rais Kikwete, watu takriban 162,000 wa kundi hilo wakakabidhiwa uraia. Ni Watanzania sasa, wanapiga kura kama mimi na wewe. Sijamsikia mwanasiasa yeyote akisimama jukwaani kuisimulia habari hiyo kama jambo la kujivunia, nami naona ni moja ya mambo makubwa kabisa tuliyowahi kuyafanya tangu Uhuru.

Halafu ikaja 1994. Mwishoni mwa Aprili, ndani ya takriban saa 24, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo. Kambi ya Benaco ikawa kama jiji, na baada ya miezi michache wakimbizi wakawa wengi kuliko wenyeji wa wilaya nzima ya Ngara. Miti ilikatwa hadi milima ikabaki uchi. Miongoni mwa waliokuja walikuwemo waliokuwa wameua katika mauaji ya kimbari ya Rwanda, na silaha zilivuka kweli. Mtu wa Ngara au Kibondo akilalamika namsikiliza, maana yeye ndiye aliyebeba gharama. Serikali na wafadhili walimwachia makovu wakaondoka. Hasira yake ina msingi.

Lakini tulijibu nini? Bunge lilitunga Sheria ya Wakimbizi ya 1998, na tangu hapo mkimbizi anatakiwa kukaa kambini. Akitaka kwenda zaidi ya kilomita 4 nje ya kambi, lazima awe na kibali. Kulima shamba la maana hawezi, na kwenda Kasulu mjini kutafuta kibarua bila ruhusa ni kosa linaloweza kumpeleka mahabusu. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo, kwa hiyo wapo watu wazima waliozaliwa humo, wakaoana humo, na sasa wanalea watoto humo humo, wakisubiri mgao wa unga na maharage ambao umepunguzwa mara kadhaa kwa sababu wafadhili wamechoka. Mtu huyo ana nguvu na anajua kulima. Tumemkataza, kisha tunapanda jukwaani kumwambia hajitegemei.

Na hata kile kidogo alichokuwa nacho tumekizima. Shirika la Chakula Duniani lilianza kuwapa baadhi ya wakazi wa Nyarugusu fedha taslimu badala ya chakula, fedha ambazo ziliishia kwa wakulima na wachuuzi wetu wa Kasulu. Mwaka 2017 serikali ikausimamisha mpango huo. Baadaye masoko ya pamoja, ambako mwenyeji na mkimbizi walikuwa wakiuziana ndizi, dagaa na vitenge, nayo yakafungwa. Mama wa Kigoma aliyepoteza wateja wake hapo hakunufaika na chochote. Ningependa mgombea anayelia na gharama za wakimbizi aulizwe kuhusu masoko hayo, na asiruhusiwe kuhama mada.

Hoja ya "kwao kumetulia" inahitaji tahadhari zaidi, kwa sababu ikikosewa inaua. Mwaka 2019 serikali ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Oktoba Warundi wangerudishwa, watu 2,000 kila wiki. Wapo waliorudi kwa hiari yao na ni haki yao kusaidiwa. Ila anayejua kama kijiji chake kimetulia ni yule aliyekikimbia. Tumetia saini mkataba wa wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969, ambao unasema wazi kwamba kurudi ni kwa hiari. Kumpunguzia mtu chakula na kumfungia soko mpaka achoke, kisha kuandika kwamba amekubali, huko siwezi kukuita hiari.

Kuna jingine linalovurugwa makusudi. Wafanyabiashara wadogo wa Kariakoo wana malalamiko yao dhidi ya wageni wanaouza rejareja, na mwezi Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Hilo lijadiliwe kwa hoja zake. Mkimbizi wa kambini hahusiki nalo kwa lolote, lakini jukwaani wote hutupwa kwenye kapu moja: mkimbizi, mwenye duka asiye na kibali, jambazi wa mpakani, mfugaji aliyezaliwa Karagwe ambaye babu yake alitoka Rwanda. Tuliona 2013, wakati wa Operesheni Kimbunga, msako wa wahamiaji haramu katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, jinsi kapu hilo linavyofanya kazi. Maelfu walifukuzwa, wengine wakiwa wameishi kwetu miongo kadhaa, mume akabaki huku na mke akapelekwa ng'ambo. Watu walianza kukaguliwa sura na lafudhi. Nchi yenye makabila zaidi ya 120, mengi yakiwa yamekatwa na mipaka ya wakoloni, haina usalama kwenye mchezo huo.

Tena sisi pia tumewahi kukimbia. Januari 2001, polisi walipowapiga risasi waandamanaji Pemba, watu wapatao 2,000 walipanda majahazi na ngalawa wakaenda Shimoni, Kenya. Watanzania, wakimbizi. Walipokewa, wengi wakarudi baada ya mambo kutulia. Na jiji hili lilijengwa jina na waliokuwa wamekimbia kwao: FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, kiliundwa hapa 1962, kiongozi wake Eduardo Mondlane aliuawa hapa kwa bomu la kifurushi tarehe 3 Februari 1969, na vijana wa Afrika Kusini walisomea Mazimbu, Morogoro, kwenye ardhi tuliyowapa. Wakati huo tulikuwa maskini kuliko sasa.

Idadi yenyewe haifanani na kelele. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 61,741,120. Wakimbizi hawafiki hata mmoja kwa kila watu 200.

Kwa hiyo wabunge wetu wa Dar es Salaam, mnaopenda kuitaja methali ile, nawaomba kitu kimoja bungeni: rekebisheni sheria ya 1998 ili mkimbizi aliyesajiliwa aweze kukodi shamba, kufanya kibarua na kuuza mazao yake kwenye masoko ya Kasulu, Kibondo na Kakonko, na kodi itakayokusanywa humo ibaki kwenye halmashauri hizo hizo, kwa ajili ya barabara na visima vya wenyeji.