Kura Sita kwa Moja

Kosa langu lilikuwa kujibu swali. Mtu aliniuliza, kwa sauti ya upole kabisa, ni filamu gani ninayoipenda kuliko zote, nami kwa ujinga wa mgeni nikaitaja ile ninayoipenda. Ukafuata ukimya wa aina ile inayotokea msibani pale simu ya mtu inapolia kwa wimbo wa kucheza. Kisha mmoja wao akakohoa kidogo, akasema, "Si mbaya, kwa mtu anayeanza." Mimi nilikuwa nimetazama filamu kwa zaidi ya miaka 30.

Tangu siku hiyo mimi ni mmoja wa watu saba wanaokutana kila Jumamosi usiku sebuleni kwa mwenzetu kwa ajili ya kutazama filamu. Nasema "kwa ajili ya kutazama" kwa kuwa ndivyo mwaliko unavyosema. Kwa uzoefu wangu, kutazama kwenyewe ni jambo dogo linalotokea katikati ya mabishano mawili, kama usingizi wa mtu aliyelala baina ya mbu wawili.

Mabishano ya kwanza ni ya kuchagua. Tuna zamu, na kanuni yetu ni kwamba mwenye zamu hapingwi. Ni kanuni nzuri sana na haijawahi kufuatwa hata mara moja. Mwezi uliopita mwenye zamu alileta Seven Samurai, kazi ya Akira Kurosawa ya mwaka 1954, ambayo ina dakika 207. Tulikuwa tumeketi saa mbili usiku. Mwenzetu mmoja mwenye watoto wadogo, ambaye huhesabu usingizi kama wengine wanavyohesabu fedha, akauliza kwa unyenyekevu kama tusingeweza kutazama The Magnificent Seven ya mwaka 1960, kwa sababu Wamarekani walichukua hadithi ile ile, wakawaondoa wapiganaji wa panga, wakawaweka wapanda farasi wenye bastola, na wakapunguza zaidi ya saa nzima. Sikuwa nikijua kwamba binadamu anaweza kutukanwa kwa lugha ya adabu kiasi kile. Aliambiwa kwamba wapo watu ambao hata mvua wangependa isimuliwe kwa ufupi. Tulipomaliza kuwapatanisha ilikuwa inakaribia saa nne, na hapo hata mtetezi mkuu wa urefu alikuwa akipiga miayo. Tulitazama saa moja ya mwanzo, ambamo wanakijiji wanatafuta wapiganaji wa kuwalinda dhidi ya majambazi, kisha tukaagana. Kwa upande wangu, kijiji kile bado hakijapata ulinzi.

Halafu yupo yule ninayemwita Bwana Matoleo, ingawa simwiti hivyo akiwa karibu. Ukimwambia kwamba umeipenda Blade Runner, hatakuuliza kwa nini umeipenda, bali atakuuliza umeipenda ipi. Ipo ya mwaka 1982, iliyotoka kwenye majumba ya sinema ikiwa na sauti ya stelingi akieleza mambo na mwisho wa kufurahisha; ipo ya mwaka 1992, ambamo maelezo yale na mwisho ule viliondolewa; na ipo ya mwaka 2007, ambayo mwongozaji wake, Ridley Scott, aliikamilisha kama alivyotaka mwenyewe. Yote hayo ni kweli, na mimi siyapingi. Ninachopinga ni kuhojiwa kama mtu aliyekamatwa mpakani bila hati. Nilijitetea kwamba niliyoiona mimi ilikuwa ya usiku na mvua ilikuwa ikinyesha. "Zote zina mvua," akanijibu, akaniangalia kwa huruma ambayo sijaisahau.

Katika kundi letu kuna pia anayeamini orodha. Jarida moja la Uingereza, Sight and Sound, huwauliza wahakiki kila baada ya miaka kumi ni filamu ipi iliyo bora kuliko zote, nalo limefanya hivyo tangu mwaka 1952. Mwenzetu huyu ameyahifadhi majibu kama mtoto anavyohifadhi jedwali la kuzidisha. Mwaka 1952 ilishinda Bicycle Thieves ya Waitaliano, iliyokuwa na umri wa miaka minne tu. Kuanzia 1962 hadi 2002 ilitawala Citizen Kane bila kushuka. Mwaka 2012 ikapinduliwa na Vertigo. Na mwaka 2022 kiti kikachukuliwa na Jeanne Dielman, filamu ya mwaka 1975 ya Chantal Akerman, yenye urefu wa zaidi ya saa tatu, ambamo mama mmoja mjane anatandika kitanda, anaosha vyombo na kumenya viazi. Nilipoelezwa hivyo nikasema, kwa sauti ya kutosha kusikika hadi jikoni, kwamba hata mimi humenya viazi nyumbani kwangu na hakuna mhakiki aliyewahi kunipigia kura.

Watu walicheka, nami nikajiona mshindi, na hilo ndilo lililoniponza. Tulipoitazama filamu hiyo, nilikuwa tayari nimejifunga kuichukia mbele ya mashahidi. Nilikunja mikono. Nilipumua kwa nguvu kila alipowasha au kuzima taa, na mama huyo huzima taa kila anapotoka chumbani, jambo ambalo nimekuwa nikiwaomba watoto wangu walifanye bila mafanikio. Lakini mtu akishakaa muda mrefu na mwanamke ambaye kila kitu chake kiko mahali pake, hutokea jambo la ajabu: siku yake ya pili akaviacha viazi vikaiva kupita kiasi, nami nikashtuka kwenye kochi kana kwamba nimeona bomu. Moyo ulinidunda kwa sababu ya sufuria! Nilitaka kuwaambia wenzangu kwamba hiyo ni kazi ya mtu hodari kweli kweli. Sikuweza, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kusema maneno yale ya kumenya. Mpaka leo natembea na sifa za filamu ile kifuani kama mtu aliyemeza mfupa wa samaki.

Kuhusu wale wanaosahihisha maneno ya watu sitasema mengi. Inatosha kwamba huwezi kumwomba mpiga kinanda wa Casablanca "apige tena" pasipo mtu kukuarifu kwamba sentensi hiyo, jinsi dunia inavyoitamka, haimo ndani ya filamu hiyo. Haimo kweli. Nimeambiwa mara sita.

Anayenikosesha raha zaidi ni dada mmoja ambaye amekwisha kuona kila kitu. Sisi wengine tulipokuwa wadogo tulitazama picha kwa kanuni moja tu, nayo ni kwamba stelingi hafi. Ukishamtambua stelingi ni nani, unatulia. Anaweza kupigwa, kufungwa kamba au kutupwa mtoni, lakini roho yake ina dhamana. Kwa imani hiyo niliketi kutazama Psycho ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1960, nikamwona Janet Leigh amekimbia na fedha za watu, nikajisemea kwamba ndiye, huyu ndiye wa kufuatana naye mpaka mwisho. Dada akaegemea upande wangu akaninong'oneza, "Kaka, usimzoee sana huyo." Hitchcock alihangaika mpaka akataka majumba ya sinema yasimruhusu mtu yeyote kuingia baada ya filamu kuanza, ili siri ile isipotee bure, na kumbe wasiwasi wake ungepaswa kuwa juu ya wanaowahi. Nilipolalamika, dada alinijibu kwamba filamu hiyo imepita miaka 60 na kwamba hata siri za serikali hufunguliwa mapema kuliko hapo. Hoja hiyo ina nguvu, na ndiyo maana inaudhi.

Basi Jumamosi iliyopita zamu ilikuwa yangu. Nilifikiri kwa wiki tatu. Nilitaka filamu fupi, isiyo na matoleo matatu, isiyo na stelingi wa kufa bafuni, na ambayo hakuna mtu angethubutu kuidharau. Nikachagua 12 Angry Men ya mwaka 1957, filamu ya kwanza ya Sidney Lumet kwa ajili ya majumba ya sinema, yenye dakika 96. Karibu yote inatokea katika chumba kimoja, ambamo raia 12 wamefungiwa waamue kama kijana aliyeshtakiwa kwa mauaji ana hatia au hana. Wanapiga kura, 11 wanasema ana hatia, mmoja anasema tuzungumze kwanza. Sasa naona kwamba kuwapelekea watu wabishi filamu ya watu wanaobishana ni sawa na kumwaga petroli ili kuzima moto, lakini wakati ule niliiona kuwa busara.

Kwa muda walitulia, na nusura niamini. Kisha yule mpinzani, ambaye anaigizwa na Henry Fonda, akatoa mfukoni kisu kinachofanana kabisa na kile cha ushahidi, akaeleza kwamba amekinunua mwenyewe mtaani. Rimoti ikabonyezwa. Mwenye watoto wadogo, ambaye kumbe alisomea sheria kwa mwaka mmoja na nusu, akasema kwamba mwamuzi hana ruhusa ya kwenda kujitafutia ushahidi nje ya mahakama na kwamba kesi nzima imeharibika. Bwana Matoleo akasema kwamba hadithi hiyo kwanza ilikuwa mchezo wa televisheni wa mwaka 1954, hivyo hatuwezi kuijadili kabla ya kuuona huo. Mwenye orodha akataka kujua imeshika nafasi ya ngapi. Dada akasema kwamba yote hayo hayatakuwa na maana mwishoni, akaanza kueleza kwa nini, nami nikaziba masikio ingawa filamu hiyo nimeiona mara tisa.

Hatimaye ikatolewa hoja kwamba tupige kura: tuendelee na filamu, au tuizime tumalize mjadala wa kisu. Kura zikawa sita kwa moja. Nilibaki na mkono wangu juu peke yangu, nikijua kabisa kwamba mahali hapa ndipo Henry Fonda alipoanza kuwageuza wenzake mmoja baada ya mwingine kwa utulivu na hoja. Nilifungua kinywa. Mtu akaniuliza kama naweza kusogea kidogo, nimemziba mwenye kuzungumza.

Nikarudi nyumbani saa nne usiku, nikamkuta mke wangu bado macho, nikamwambia kwamba leo tutatazama filamu kama watu wenye akili timamu, tangu mwanzo hadi mwisho, kimya. Alikubali, akaketi. Nilivumilia kwa takriban dakika 20. Ndipo nikasimamisha picha, kidogo tu, nimwonyeshe jambo moja ambalo hakuna aliyenipa nafasi ya kulisema: kwamba mwanzoni kamera inawatazama watu wale kutoka juu, halafu inashuka taratibu mpaka inawatazama kutoka chini, na lenzi zinabadilishwa ili kuta zionekane zinawasogelea, na kwamba ndiyo maana mtazamaji anaona joto la chumba kile linamkaba bila kujua sababu, na kwamba ukilinganisha na...

"Mume wangu," akasema, "tupige kura."

Kura zikawa moja kwa moja, na rimoti ikaenda kwake moja kwa moja.