Usawa wa Maharamia na Mipaka Yake

Mkataba uliotawala merikebu ya Bartholomew Roberts, haramia mzaliwa wa Wales anayehesabiwa kuwa aliteka vyombo zaidi ya 400 kati ya mwaka 1719 na 1722, ulianza na sharti ambalo nahodha yeyote wa biashara wa zama zile angelitia motoni: kila mtu ana kura katika mambo mazito, na kila mtu ana haki sawa ya chakula na vileo vilivyotekwa. Masharti mengine yalikataza kucheza kamari kwa fedha, yaliamuru taa zizimwe saa mbili usiku, na yalipiga marufuku kupigana chomboni, hivi kwamba waliogombana walilazimika kungoja nchi kavu ili wamalize ugomvi wao kwa bastola na upanga. Aliyepoteza kiungo vitani alilipwa reale 800 kutoka katika mfuko wa wote. Nahodha alipata mafungu mawili ya nyara na baharia wa kawaida fungu moja, tofauti ndogo mno ukiilinganisha na pengo lililokuwapo kati ya mwenye merikebu ya biashara na mtu aliyekwea mlingoti wake.

Kutokana na masharti kama haya wamejitokeza watetezi wanaosema kwamba maharamia wa Atlantiki na Bahari ya Hindi, hasa wale wa miaka ya 1716 hadi 1726, walijitawala kwa kura miongo kadhaa kabla ya Marekani na Ufaransa kufanya mapinduzi yao. Wapinzani hujibu kwamba genge la wezi halisafiki kwa sababu tu linagawana kwa haki. Kwa maoni yangu kura ile ilikuwa ya kweli, lakini haikuzaliwa na mapenzi ya uhuru, na nguvu yake iliishia kwenye ukingo wa merikebu.

Anayetaka kuwaelewa maharamia na aanze na merikebu walizozikimbia. Vita vya Urithi wa Hispania vilipokwisha mwaka 1713, jeshi la wanamaji la Uingereza lilipunguza mabaharia wake kutoka karibu 50,000 hadi chini ya 15,000 katika muda wa takriban miaka miwili. Maelfu ya watu wasiojua kazi nyingine isipokuwa ya matanga na mizinga wakamiminika bandarini, na ujira ukaporomoka. Baharia hodari wa merikebu za biashara alipata kati ya pauni 15 na 33 kwa mwaka, kutegemea kama ni wakati wa vita au wa amani, na hata hizo zingeweza kukatwa kufidia shehena iliyoharibika au kucheleweshwa makusudi ili asitoroke. Nahodha aliruhusiwa kumchapa, na mahakama za pwani hazikuwa nyepesi kuuliza amechapwa kiasi gani. Kwenye merikebu zilizobeba watumwa mabaharia wenyewe walikufa kwa malaria, homa ya manjano na kuhara damu, wastani wa takriban mmoja kati ya watano katika kila safari.

Merikebu ya maharamia ilitoa nafuu ambayo haikuhitaji falsafa yoyote kuieleza. Chombo cha biashara cha tani 200 kiliendeshwa na watu wapatao 15, kwa kuwa kila mdomo wa ziada ulipunguza faida, ilhali maharamia walihitaji umati wa kutisha na mara nyingi walikuwa 80 au zaidi. Kazi ile ile ya kupandisha matanga, kuvuta nanga na kutoa maji chomboni ikagawanywa kwa mikono mingi, na siku nyingi zilipita katika kulala, kunywa na kusubiri tanga litokee kwenye upeo wa macho. Wasifikirie wasomaji kwamba yalikuwa maisha ya anasa. Biskuti ziliingia wadudu kama kwingineko, na kiseyeye hakikuwasamehe. Kwa kuwa hawakuweza kutia nanga katika bandari ya halali na kutengeneza chombo, walilazimika kukipandisha kwenye ghuba ya mafichoni, kukilaza ubavu na kukwangua magugu na chaza, na katika siku hizo manowari moja tu ingetosha kuwamaliza. Wengi wao hawakudumu katika kazi hiyo zaidi ya mwaka mmoja au miwili.

Katika mazingira hayo kura ilitoka wapi? Wapo wanaoitafuta katika chuki dhidi ya mabwana, na chuki ilikuwapo kwelikweli. Naona jibu lililo jepesi zaidi ni kwamba merikebu yao haikuwa na mwenyewe. Mfanyabiashara wa London au Bristol alimpa nahodha mamlaka ya kidikteta kwa sababu mali ilikuwa yake naye hakuweza kuilinda kutoka umbali wa miezi kadhaa ya safari. Merikebu ya wizi ilikuwa mali ya wote walioiiba, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa pwani wa kulindiwa kitu, na kila aliyehatarisha shingo yake alikuwa na sababu ya kudai sauti. Tena watu wasioweza kumshitaki mwenzao mahakamani huhitaji namna ya kuzuia dhuluma ndani ya kundi, la sivyo kundi husambaratika baada ya mgawo wa kwanza.

Ndiyo maana walimgawanya mtawala wao. Nahodha alikuwa na amri isiyopingwa wakati wa kukimbiza au kupigana tu; mambo mengine, yaani kugawa chakula, kutunza nyara, kuhukumu makosa madogo, yalikuwa mikononi mwa msimamizi aliyechaguliwa na mabaharia, ambaye kwenye merikebu ya Roberts alipata mafungu mawili sawa na nahodha. Mpangilio huu ulikuwa na meno. Novemba 1718 Charles Vane, aliyeogopwa kote katika visiwa vya Bahamas, alikataa kupambana na manowari ya Kifaransa. Kesho yake watu wake walipiga kura, wakamwita mwoga, wakamwondoa na kumweka John Rackham mahali pake. Ni vigumu kutaja utawala wa Ulaya wa mwaka ule ambamo wa chini wangemwondoa wa juu kwa siku moja bila kumwaga damu.

Hata hivyo, tukio la Vane lina upande ambao watetezi huupitia haraka. Aliondolewa kwa kosa la kutoshambulia. Mfano mzito zaidi ulitokea karibu na kwetu, katika kisiwa cha Nzuwani huko Komoro, Agosti 1720, pale maharamia wakiongozwa na Edward England walipoiteka merikebu Cassandra ya Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki baada ya mapigano makali. Nahodha wake, James Macrae, alijificha kisiwani kwa siku kadhaa, kisha akaenda mwenyewe kuomba kwa watu ambao alikuwa amewaulia wenzao wengi. England alimtetea, na Macrae akaachiwa aondoke na merikebu iliyoharibika. Muda mfupi baadaye mabaharia walimvua England uongozi, kosa lake likiwa huruma hiyo, wakamtelekeza Mauritius pamoja na wachache waliomuunga mkono. Taratibu zote za kura zilifuatwa, na kilichoshinda ni hamu ya kuua. Macrae, kwa taarifa ya msomaji, aliishi hadi akawa gavana wa Madras.

Kura humlinda anayepiga. Mateka hakupiga. Bendera nyeusi ilikuwa ahadi kwamba atakayesalimu amri ataachwa hai, na mara nyingi ahadi ilitimizwa kwa sababu mapigano yaliwagharimu maharamia pia. Lakini ahadi ya namna hiyo haina thamani bila vitisho nyuma yake, na vitisho vilihitaji watu kama Edward Low, aliyejulikana kwa kuwakata mateka masikio na midomo. Mwaka 1695 watu wa Henry Every waliiteka Ganj-i-Sawai, merikebu ya Mfalme wa Mughal wa India iliyokuwa ikirudi bandari ya Surat na mahujaji kutoka Makka, wakawatesa abiria kwa siku kadhaa ili waonyeshe hazina na kuwabaka wanawake. Kisha waligawana kwa usawa, pauni kwa pauni. Sioni jinsi usawa wa mgawo ule unavyopunguza uzito wa siku hizo.

Suala la utumwa ndilo linalowapa shida kubwa wanaotaka picha moja safi. Ni kweli kwamba Waafrika walikuwamo katika vikosi vya maharamia, baadhi yao wakibeba silaha na kupata fungu kamili, jambo lisilowezekana katika koloni lolote la Karibi. Lakini pale Edward Teach, aliyejulikana kwa jina la Blackbeard, alipoiteka merikebu ya watumwa ya Kifaransa La Concorde mnamo Novemba 1717 na kuifanya merikebu yake kuu, Waafrika wengi waliokuwamo waliachwa kisiwani Bequia mikononi mwa Wafaransa walewale, ambao waliwapeleka Martinique kuwauza. Kule Madagaska, wafanyabiashara wa kisiwa cha Sainte-Marie waliowapokea maharamia walinunua na kusafirisha watu pia. Na Januari 1722, katika bandari ya Ouidah, Roberts mwenyewe, yule wa kura na haki sawa, alidai fidia ya dhahabu kwa kila merikebu. Nahodha wa Porcupine, merikebu ya watumwa, alikataa kulipa. Watu wa Roberts, wakiona kuwafungua watumwa minyororo kunachukua muda mrefu, waliichoma moto ikiwa na Waafrika wapatao 80 ndani yake, wakiwa wamefungwa wawiliwawili. Waliojitupa majini waliliwa na papa.

Kuhusu wanawake habari ni fupi: mkataba wa Roberts uliweka adhabu ya kifo kwa atakayempandisha mwanamke chomboni kwa kumbadili mavazi, na Anne Bonny na Mary Read, waliohukumiwa Jamaika mwaka 1720, ni wachache mno kuwa ushahidi wa kanuni. Ila kusini mwa China mjane Zheng Yi Sao aliongoza muungano wa maharamia kuanzia mwaka 1807 hadi 1810, na waliosalimu amri pamoja naye walizidi 17,000. Kwake aliyeteka mali alibaki na sehemu moja kati ya tano na iliyosalia iliingia katika hazina ya pamoja, huku mwenye kuasi amri akikatwa kichwa. Kikosi chake kilishinda kwa ukubwa genge lolote la Atlantiki, nacho hakikuendeshwa kwa kura za kila baharia. Anayedai kwamba uharamia kwa asili yake huzaa demokrasia hana budi kumweleza mwanamke huyu kwanza.

Lazima pia tupime ushahidi wenyewe. Masharti ya Roberts tunayapata katika kitabu kilichochapishwa London mwaka 1724 na mwandishi aliyejiita Kapteni Charles Johnson, ambaye anakiri kwamba maharamia walikuwa wameitupa baharini nakala waliyoitia saini; na juzuu yake ya pili ina nahodha wa kubuni aliyeanzisha jamhuri ya watu huru huko Madagaska. Kuna sababu ya kutomtupa mwandishi huyu: masharti ya watu wa Low yalichapishwa katika gazeti la Boston mwaka 1723, na yanafanana kwa mengi na yale ya Roberts. Kumbukumbu za mahakama nazo zina mtego wake, kwa kuwa mshitakiwa aliyethibitisha kwamba alilazimishwa kujiunga aliokoa shingo yake. Wapo waliosema kweli. Mvuvi kijana Philip Ashton alitekwa na Low mwaka 1722, akakataa kutia saini licha ya vipigo, na mwaka uliofuata akatorokea kisiwa cha Roatán bila hata viatu. Maseremala na matabibu, ambao ufundi wao haukupatikana kwa urahisi, walilazimishwa zaidi ya wengine, na kwa hao kura ilikuwa haki ya watu waliowateka.

Baada ya Roberts kuuawa na manowari Swallow karibu na Rasi ya Lopez tarehe 10 Februari 1722, watu wake walihukumiwa katika ngome ya Cape Coast, nchini Ghana ya leo. Watu 52 walinyongwa na zaidi ya 70 waliachiwa huru, lakini Waafrika waliokamatwa katika merikebu zake hawakuhukumiwa kabisa: waliuzwa utumwani. Ngome hiyo ilikuwa ya Kampuni ya Kifalme ya Afrika, ambayo biashara yake kuu ilikuwa watu, na maofisa wake walikuwa miongoni mwa mahakimu. Watetezi wa maharamia wana haki ya kulikumbusha hilo, kwa kuwa linaonyesha kwamba sheria iliyowanyonga haikuwa na mikono misafi kuliko yao, na kwamba njia ya merikebu za watumwa ilikuwa salama zaidi baada ya miaka hiyo. Hawana haki ya kuendelea kutoka hapo hadi kuwafanya walionyongwa kuwa wapigania uhuru, kwa sababu wale waliokuwa Porcupine hawakuwa salama zaidi chini ya kura ya Roberts kuliko chini ya leseni ya Kampuni.