Nani Ana Kura Humu Ndani?

Jamani, mimi si mchumi. Mimi ni mtu wa kununua unga nusu kilo na kukopa nyanya. Lakini 2024, Mswada wa Fedha ulipotaka kuutoza mkate VAT ya asilimia 16 na vijana wakamiminika barabarani na mabango ya kuikemea IMF, lile Shirika la Fedha la Kimataifa linaloikopesha serikali, nilijiuliza: huko Washington nani anatusemea?

Nikaambiwa nitulie, Kenya ni mwanachama na kura inayo. Kumbe kura huko hupimwa kwa mchango, na yetu ni kama asilimia 0.14! Marekani peke yake ina karibu 16.5, na maamuzi makubwa, kama kugawa upya hizo kura, hayapiti bila asilimia 85 ya kura. Hebu piga hesabu. Dunia nzima ikubaliane, Marekani atikise kichwa tu, basi, watu wanywe chai waende zao.

Na ukubwa je? Tangu 1946 bosi wa IMF hutoka Ulaya, rais wa Benki ya Dunia huteuliwa Mmarekani. Hakuna palipoandikwa, ni mazoea tu. Mwaka 2012 Ngozi Okonjo-Iweala, waziri wa fedha wa Nigeria aliyewahi kuwa mkurugenzi mle mle ndani ya benki, aligombea. Kiti akapewa Mmarekani. Niliposikia Ajay Banga, aliyeupata urais huo wa benki 2023, ni mzaliwa wa India nikasema afadhali, mambo yamebadilika. Wapi! Uraia ni wa Marekani.

Sasa kama mwenye pesa ndiye mwenye sauti, kwa nini nisifaidi na mimi? Jioni nikamtangazia Mama Njeri kwamba kuanzia leo kura humu ndani ni kulingana na mchango. Shida yangu ilikuwa rimoti tu, Arsenal walikuwa wanacheza.

Hakunijibu. Akafuta mikono kwa leso, akatoa lile daftari lake lenye madoa ya mafuta, akaanza kusoma kwa sauti ya karani wa mahakama. Kodi ya nyumba, yeye. Karo, yeye. Gesi, yeye. Mimi nina tokeni za stima za shilingi mia, na mkate. Wa juzi.

“Baba Njeri, hata hiyo 0.14 nimekuongezea kwa huruma.”

“Sawa, lakini mwenyekiti tumchague.”

“Mwenyekiti hutoka kwetu.”

“Imeandikwa wapi?”

“Hakuna palipoandikwa. Mama anafika Jumamosi, mpishe kile kiti cha mbele ya TV.”