Mnyororo wa Nanga Ugogoni

Mimi ni fundi cherehani, na ninalisema hili mapema kwa kuwa hapa Kongwa, katika nchi ya Wagogo, anayelikumbuka ni mke wangu peke yake, naye hulikumbuka pale tu anapotaka kunisuta. Nilikuwa na kibaraza changu Kariakoo, nikishona kanzu za Idi na suruali za makarani, mpaka ilipofika barua ya shemeji mwaka 1947. Aliandika kwamba Waingereza, ambao tangu vita viishe hawapati hata mafuta ya kutosha kupaka mkate, wameamua kulima karanga katika Tanganyika na nchi za jirani, ekari zaidi ya milioni tatu, na kwamba mwaka wa kwanza pekee zingelimwa ekari 150,000. "Njoo uanze maisha upya," akaandika, kana kwamba yale ya zamani nilikuwa nimeshayamaliza.

Tukafunga virago. Mimi nilibeba cherehani, na mke wangu, ambaye hajawahi kuamini kwamba nchi inaweza kukosa minazi, alibeba mbuzi ya kukunia nazi. Tuliteremka kwenye gari moshi kituo cha Msagali, tukapanda lori, na tulipofika kambini nilikuwa mwekundu kwa vumbi kiasi kwamba shemeji alinipita mara mbili akiniita. Kuhusu nazi sitasema mengi, maana jambo hilo bado linazungumzwa nyumbani kwangu. Mbuzi wa kuchunga wamejaa Ugogo nzima. Mbuzi yetu sisi haijakuna kitu tangu ifike, na sasa imekuwa kigoda cha wageni.

Asubuhi yake nilikwenda kujiandikisha. Karani aliniuliza kazi yangu, nami nikajibu kwa fahari kwamba mimi ni fundi. Akaandika "fundi", akagonga muhuri, akaniambia nifuate njia ya karakana. Nilipofika huko nilikabidhiwa spana yenye urefu wa mkono wangu na kuonyeshwa trekta lililokufa. Nikaeleza kwamba ufundi wangu ni wa sindano na uzi. Msimamizi akasema fundi ni fundi, na kwamba hata yeye vitani alikuwa mpishi.

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa nchi niliyohamia. Hapa hakuna kitu kinachofanya kazi kilichozaliwa nayo. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita, mengine yameachwa na jeshi la Marekani huko Ufilipino, yakaja yakiwa na kutu, na mwaka haukuisha kabla ya sehemu kubwa yake kulala karakanani yakinisubiri mimi, fundi wa kanzu. Vililetwa pia vifaru vya vita vya Sherman vilivyoondolewa mzinga na kuambiwa kuanzia leo wewe ni trekta. Na pori la miiba lilipokataa kung'oka, wakubwa waliagiza minyororo ya nanga za meli, wakaifunga baina ya matrekta mawili ili iburutwe na kulaza kila kilichosimama. Mimi mtoto wa pwani niliuona mnyororo wa nanga kwa mara ya kwanza kwa karibu nikiwa Ugogoni, ambako ukitaka maji ya kunawa uso unalisubiri lori. Mnyororo ule ulinitia huruma ya kindugu. Sote wawili tulitoka baharini kwa ahadi za watu.

Mibuyu nayo ilikuwa na maneno yake. Mbuyu mnene ukisukumwa hauangui matunda tu, unaangua na nyuki, na nyuki wa hapa hawaulizi nani dereva na nani fundi aliyeitwa kukaza bolti. Nimewahi kulala siku tatu uso ukiwa kama andazi, na mke wangu akanitazama na kusema kwamba kwa mara ya kwanza tangu tuhame nimenenepa.

Ardhi yenyewe ina udongo wa mfinyanzi ambao mvua ikikata hugeuka kuwa saruji, na mvua ya hapa hukata inapotaka. Mwaka ule wa kwanza zilipandwa ekari 7,500 hivi badala ya zile 150,000 za barua ya shemeji, na karanga zilipokomaa chini ya saruji hiyo, majembe yalivunjika kabla hazijatoka. Wakati wa mavuno ndipo hatimaye mtu mmoja alipokumbuka kwamba najua kushona, nikahamishiwa ghalani kutia viraka magunia. Nilishona kwa moyo wangu wote. Nilikunja pindo, nikaweka na vishikio, yakapendeza kuliko suruali za makarani. Yalikaa miezi yakisubiri karanga, mwishowe yakaanza kugawanywa: leo tuna pazia la gunia, godoro la gunia, na shemeji ana fulana ambayo hataki watu waulize imetoka wapi. Siku hizi wakubwa wanazungumzia alizeti. Mashamba ya karanga yanajifunza kuwa ya alizeti, na jua la hapa, ambalo lilikuwa adui, sasa tunaambiwa ni rafiki. Alizeti zenyewe nimeziona mwaka jana wa ukame zikiwa zimeinamisha shingo kama wageni wasio na nauli ya kurudi.

Juzi shemeji amekuja jioni, amekunja barua. Anasema huku kumekwisha, maisha yako kusini, Nachingwea, ambako mvua inanyesha, reli imejengwa kutoka pwani, na mafundi wanatafutwa. Nikamuuliza mafundi wa nini. Akasema hawakuandika.

Mke wangu alikuwa ameketi juu ya mbuzi akipepeta uwele. Akauliza kama huko kuna nazi. Nikamjibu, kwa uangalifu, kwamba Lindi ina nazi nyingi na haiko mbali sana. Hakusema kitu. Aliinuka, akaikunja ile mbuzi, akaipangusa vumbi kwa pembe ya kanga na kuyagusa meno yake kwa kidole kuona kama bado yanauma, kisha akaikunjua, akaketi tena na kuendelea kupepeta.