Sikuita "Mama," Niliita "Ngoja"

Kabla ya yote, ile sauti mliyotumiwa kwenye kundi ni yangu, lakini maneno mmeongezewa. Rafiki yangu mmoja, jina namsitiri ingawa yeye hakunisitiri, amewatangazia kwamba nikiwa hewani, kwenye shindano la kuruka majini, nililia "Mamaaa!" Uongo. Nilisema "Ngoja!" Rudieni kusikiliza.

Mnanijua. Nimelelewa Mji wa Kale, Mombasa, na tangu sijajua kufunga kamba za viatu nachupa baharini maji yakijaa, kwenye zile kuta za upande wa Fort Jesus. Ukuta wa mawe una adabu: ukiuacha, unabaki pale pale. Ubao wa kurukia hauna adabu hiyo, nami sikujua.

Basi hoteli moja huko Nyali ikaandaa shindano dogo, ubao wa mita moja. Nikajiandikisha 103C. Msiojua: 1 ni kuruka kwa mbele, 3 ni nusu tatu za kupinduka, yaani mzunguko mmoja na nusu, na C ni kujikunja magoti kifuani. Olimpiki wanaruka kutoka mita tatu, nikajiambia hii moja ni kama kushuka matatu. Kumbe kimo ndicho kinachokupa muda! Ukiwa chini, usipopinduka upesi maji yanakukuta bado uko safarini.

Mara ya kwanza nilikimbia hadi ncha ya ubao nikasimama. Niliona nzi. (Sawa, hakukuwa na nzi.) Mwamuzi akanijulisha kwa upole kwamba nikianza upya, kila jaji atanikata alama mbili, na nikisita tena nimefeli. Nikarudi nyuma kifua mbele.

Sasa, ubao ule una gurudumu pembeni, unalisogeza kwa unyayo. Likirudi nyuma, ubao unalegea na kurusha zaidi. Aliyenitangulia ni mtoto wa miaka kumi na miwili, mwembamba kama mshikaki, naye alilirudisha nyuma mpaka mwisho. Mimi nina kilo 84. Sikulitazama.

Hatua tatu. Goti juu. Nikatua kwenye ncha kwa miguu yote miwili, ubao ukashuka. Ukaendelea kushuka. Nikapata wasaa wa kuona ule ukwaruzo wake kama msasa, na unywele mmoja ulionata hapo. Kisha ukanikumbuka.

Wallahi, sijawahi kurushwa vile. Nikajikunja. Nusu ya kwanza nikaona miguu yangu na mnazi umesimama kichwa chini. Nusu ya pili nikaona mama mmoja wa makamo, kiazi karai kimefika mdomoni, ukwaju unamdondokea kwenye buibui, naye hajali, ananitazama mimi. Tukakutana macho. Hapo ndipo akili iliponiambia nimeshafika, nikafunguka kama mwavuli. Hesabu ilitaka nusu tatu. Mimi nilikuwa na mbili na kipande.

Nilikuwa nimelala hewani, kifudifudi, mikono imetandazwa, maji yananiangalia. Ndipo nikasema "Ngoja!" Nilisema kwa sauti ya kawaida ya mtu mzima anayesimamisha tuktuk.

Hayakungoja.

PAA! Kama sinia la pilau limeangushwa msikitini. Sikuzama hata kidogo, nilikaa juu ya maji kama chapati kwenye kikaango. Nyuma yangu ubao bado unalia deng-deng-deng, na zaidi ya huo hakuna sauti nyingine, mpaka yule mama akasema, "Subhanallah, kapasuka?"

Majaji walikuwa watatu, wana makaratasi ya manila. Mbili, moja na nusu, mbili. Ukikata zile mbili za kusita, nimepata sifuri, sifuri, na jaji wa katikati ananidai nusu. Hiyo wamecheka hadi wapishi.

Kunifariji, rafiki yangu (yule yule) akanikumbusha Greg Louganis, yule mrukaji wa Marekani: Olimpiki ya Seoul 1988 aligonga kichwa kwenye ubao katika mchujo, akashonwa, akarudi akachukua dhahabu. Nikamwambia Louganis aligonga sehemu moja. Mimi niligonga zote.

Nilirudi na tuktuk, nimesimama nusu, maana kukaa kulikunja tumbo. Mama akanilaza ukumbini, akanipaka mafuta ya nazi kwenye wekundu uliotoka kifuani hadi kiunoni, anapaka kimya kimya kama anayeandaa samaki wa kupaka. Rekodi alikuwa ameshaipata. Kwa nani, msiniulize.

"Umesema ngoja," akaniambia. Nikafurahi, angalau mmoja kasikia vizuri.

Akapaka tena kidogo. "Sasa mwanangu, ulikuwa ukimwambia nani?"

Jana jioni nimepita ukutani. Watoto wanajipanga, na kila mmoja kabla hajachupa anapiga kelele, "Ngojaaa!"