Kumnyima Mgonjwa Uji Hakuuzuii Uvimbe

Ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya familia, ule unaodai kwamba saratani hufa njaa mgonjwa akinyimwa sukari, umenikera kwa muda mrefu. Nilishindwa kunyamaza nilipomkuta shangazi yangu, ambaye matibabu ya saratani ya matiti yalikuwa yameshamkondesha, akipewa uji mwepesi usio na sukari wala maziwa na ndugu walioamini kwa dhati kwamba wanamwokoa.

Seli yenye afya haijigawi kwa sababu tu imeshiba. Husubiri amri kutoka nje: protini zinazoitwa vichocheo vya ukuaji hunasa kwenye kipokezi kilicho juu ya seli, nacho hupitisha ujumbe kwa protini za ndani, Ras ikiwamo, hadi kwenye kiini, ambako jeni za mgawanyiko huamshwa. Amri ikikoma, seli hutulia.

Seli nyingi za saratani zimeuvunja utaratibu huo. Mwaka 1978, huko Marekani, watafiti De Larco na Todaro walionyesha kwamba seli za panya zilizobadilishwa na virusi vya sarkoma, aina mojawapo ya saratani, humwaga protini ambazo, zikiwekewa seli za kawaida, huzifanya zikue ndani ya agari laini, yaani rojorojo la maabara, mahali ambapo kwa kawaida haziwezi kukua. Protini hizo zilipoondolewa, seli zilirudia hali yake. Mwaka 1980 Todaro na mtafiti mwenzake Sporn waliandika kwamba seli ya saratani inaweza kutengeneza kichocheo na kukipokea yenyewe, sawa na karani anayejiandikia barua ya ruhusa na kuigonga muhuri kwa mkono wake. Uvimbe hutoa pia kichocheo kiitwacho VEGF, kinachochipuza mishipa mipya ya damu kuuelekea, na damu hiyo haikosi sukari hata mgonjwa asipokula, kwa kuwa ini huitengeneza kutokana na misuli inayomong'onyoka. Kwa hiyo anayekonda ni shangazi, na amri ya kujigawa inaendelea kutolewa palepale.

Nakiri, ingawa kwa shingo upande, kwamba insulini, homoni inayopanda mtu akila sukari, nayo huchochea ukuaji wa seli, na kwamba unene uliokithiri huongeza hatari ya baadhi ya saratani, ikiwamo ya matiti baada ya kukoma hedhi. Hiyo ni hoja ya kinga kwa mtu mzima wa afya, wala haimpi yeyote ruhusa ya kumshindisha njaa mgonjwa anayepungua uzito.

Bidii hiyo ya familia ingeelekezwa kwa daktari, kuuliza kama kipande cha uvimbe kilichokatwa kimepimwa vipokezi vya homoni na HER2, kipokezi ambacho katika baadhi ya saratani za matiti huzidi mno na kuamrisha mgawanyiko bila kukoma. Dawa ya kukizuia, trastuzumab, iliidhinishwa Marekani mwaka 1998, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu. Majibu ya kipimo hicho ndiyo yanayoamua kama mgonjwa anaistahili, na wakati yanasubiriwa, shangazi apewe uji wenye maziwa.