Nipime Bega Kwanza, Ndipo Uniuzie Mto

Hapa Kampala hakuna fundi cherehani anayejiheshimu atakayekata kitambaa kabla hajakupima. Atakuzungushia futi kifuani, atashuka kiunoni, kisha atarudia mabega kwa sababu hapo ndipo shati huharibikia. Na shati lenyewe utalivaa saa chache tu. Mto tunaulalia usiku kucha, mwaka mzima, lakini tunaununua kwa macho: umevimba vizuri, rangi inapendeza, fungasha. Muuzaji naye anaupiga ngumi mbili, anasema, "Huu ni orijino, ssebo," biashara imekwisha.

Mimi nasema mto una saizi, na anayeuuza bila futi anabahatisha kwa shingo yako.

Shingo ina pingili saba, na kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne hadi tano hivi. Ukilala ubavu, bega linakiinua kiwiliwili na kuacha pengo kati ya godoro na kichwa. Kazi ya mto ni kuziba pengo hilo, basi. Ukiwa mwembamba, kichwa kinaning'inia. Ukiwa mnene, kinasukumwa juu, na kwa vyovyote kuna misuli inayovutika mpaka asubuhi. Anayelala chali anahitaji mto mfupi zaidi, wa kujaza ule mbonyeo wa nyuma ya shingo. Wa kifudifudi autafute mwembamba kabisa, au auache.

Kujipima ni kazi ya dakika mbili, ila uwe na mtu wa kukusaidia. Simama ubavu kwa ukuta, bega liguse tu bila kuegemea, kichwa wima, macho mbele. Mwenzako aweke rula kutoka ukutani hadi ubavu wa kichwa, usawa wa juu ya sikio. (Akina mama, vueni gomesi kwanza, lile gauni la heshima la hapa Uganda. Yale mabega yaliyochongoka yatawanunulia mto wa watu wawili.) Tuseme umepata sentimita 15. Kama unalalia mkeka au godoro gumu, hizo ni zako zote. Kama godoro ni sponji laini na bega linazama sentimita 3 au 4, ziondoe. Mto wako ni wa 11 au 12. Wa chali wasimame mgongo ukutani, wapime kutoka ukutani hadi shingo inapobonyea zaidi.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokwama: unene unaouona dukani si ule utakaoulalia. Mto wa vipande vya sponji unaonekana mlima, ukiweka kichwa unashuka hadi nusu. Wa sufi nao hujikusanya mabonge baada ya muda. Kwa hiyo upime ukiwa umebeba mzigo. Mfuko wa unga wa posho wa kilo 5 unakaribia uzito wa kichwa. Uweke katikati, subiri kidogo, kisha pima kando yake mto umebaki na sentimita ngapi. Pale soko la Owino watakucheka. Waache wacheke, pesa ni yako.

Wazee wa Karamoja, kule kaskazini mashariki mwa Uganda, hawana shida hii. Ekicholong, kile kigoda kidogo cha mti ambacho mwanamume hukikalia mchana na kukilalia usiku ili mapambo ya nywele yasiharibike, hakishuki hata kidogo. Sisemi turudi kwenye mti, shingo yangu mwenyewe isingekubali. Ila kimo ulichokiona mchana ndicho utakachokikuta usiku, jambo ambalo sponji haiwezi kukuahidi.

Kinachonikera zaidi ni mito ya jozi. Maharusi wanapewa miwili pacha, foronya zimedariziwa maua, kana kwamba bwana na bibi wana mabega sawa. Bwana mpana anakunja mto wake mara mbili, bibi anaamka shingo imekaza, na kila mmoja anamlaumu mwenzake kwa kuvuta blanketi. Watoto nao tunawapeleka bweni na mto wa baba. Bega la mtoto wa darasa la nne ni dogo, mto wake uwe mdogo vilevile. Mtoto mchanga asiyetimiza mwaka hapaswi kuwekewa mto kabisa. Ni hatari kwa pumzi yake.

Najua mtu atasema hayo ni mambo ya Japani, ambako kuna maduka ya matandiko yanayompima mteja shingo na kumjazia mto papo hapo. Lakini sisi tuna mafundi kila kona, na mafundi wana futi tayari. Mto unaoitwa wa daktari, wa bei ya kutisha, haukusaidii kitu kama kimo si chako. Na kama maumivu ya shingo yanashuka mpaka mkononi au vidole vinakufa ganzi, hilo si la muuza mito, nenda hospitali.

Mwambie fundi akushonee mfuko wa kitambaa kigumu wenye zipu, ujaze sponji mpaka uzidi kidogo. Lalia siku kadhaa, toa konzi moja, lalia tena, hadi mtu akikutazama kwa nyuma aone shingo na uti wa mgongo vimenyooka mstari mmoja. Sponji uliyoitoa usiitupe. Ifunge kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, uiweke kabatini, maana miezi michache mbele mto utakuwa umeshuka na utahitaji kuongeza.